Mfunguo Mosi Si Januari: Maelezo ya Mgeni Kuhusu Idi ya Fitri Mjini Mombasa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili huitumia methali hii katika insha tukimsifu mwenyeji, na ni nadra kujiuliza mgeni naye huponywa nini. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Waislamu wa Mji wa Kale, Mombasa, wanavyoadhimisha Idi ya Fitri, yaani sikukuu ya kumaliza mfungo wa Ramadhani. Maelezo yenyewe ni ya mgeni: mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Magharibi mwa Kenya, na lugha niliyonyonya titini si Kiswahili. Sidai, basi, kufafanua dini ya watu kuliko wao wenyewe. Ninadai jambo dogo tu, kwamba mtu anayejitia kuisoma lugha hii bila kuwahi kuketi na waliyoilea huweza kuyabeba maneno mengi yaliyo maganda matupu.

Ushahidi wa dai hili ninao, nao ni kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu katika shule moja ya upili ya bara, niliwafundisha wanafunzi msamiati wa nyakati. Nikaandika ubaoni kwamba Mfunguo Mosi ni Januari, Mfunguo Pili ni Februari, na kadhalika. Mantiki yangu ilikuwa nyepesi: mosi ni moja, na Januari ni mwezi wa kwanza. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono na kusema, "Mwalimu, nyumbani kwetu Mfunguo Mosi ni mwezi wa Idi." Nikamjibu kwamba hayo yalikuwa mambo ya dini, ilhali sisi tulikuwa katika somo la lugha. Darasa zima likacheka. Msichana yule akaushusha mkono wake, na muhula ule haukuinuka tena.

Hesabu ya Miezi

Ni vyema tuanze na hesabu yenyewe. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wa angani wala si jua. Kila mwezi huwa na siku 29 au 30, na mwaka mzima huwa na siku 354 au 355. Kwa hiyo mwaka huo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takriban siku 11, na ndiyo sababu Ramadhani haina makao katika kalenda ya ukutani. Huja wakati wa kiangazi, ikaja wakati wa masika, ikazunguka misimu yote katika muda wa miaka ipatayo 33. Mwaka wa 2000, kwa mfano, Idi ya Fitri iliadhimishwa mara mbili: mapema mwezi wa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Katika hesabu ya Kiarabu, mwaka huanza kwa mwezi wa Muharram, na kila mwezi una jina lake. Waswahili wa jadi waliipokea miezi hiyo wakaipanga kwa namna yao. Mwezi unaofuata Ramadhani, ambao Waarabu huuita Shawwal, waliuita Mfunguo Mosi. Ukafuata Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu ambao siku yake ya 10 ndiyo Idi Kubwa, na Muharram yenyewe ikawa Mfunguo Nne. Mazazi ya Mtume husomewa Maulidi katika Mfunguo Sita. Hesabu huendelea hadi Mfunguo Tisa, halafu huja miezi mitatu inayobaki na majina yake: Rajabu, Shaabani na Ramadhani.

Tazama basi, msomaji mpenzi, maana inayojificha humo. Neno mfunguo linatokana na kufungua, yaani kuacha kufunga. Miezi tisa ya mwaka haina jina jingine katika hesabu hii isipokuwa umbali wake kutoka siku ile watu walipofungua. Idi ndiyo kigingi ambacho kamba ya mwaka imefungiwa. Anayesema Mfunguo Sita anasema, ajue asijue, kwamba ni mwezi wa sita tangu tulipokula pamoja mchana. Haya ndiyo aliyokuwa akiyajua msichana yule, nami nikayafukuza darasani kwa jina la lugha.

Siku ya Thelathini

Rafiki yangu mmoja tuliyekuwa tukisoma naye shahada ya uzamili, mwenyeji wa Mji wa Kale, alinialika nikale Idi kwao. Nilitazama kalenda ya ukutani, nikaona siku iliyochapishwa kwa wino mwekundu, nikapanda basi la usiku kutoka Nairobi ili niamkie Idi. Mtito Andei tulipumzika, nikanywa chai na mandazi mawili. Simu yangu ilikuwa imekwisha moto. Nilifika Mombasa alfajiri nikiwa nimevaa shati jipya na kubeba kilo mbili za majani ya chai kutoka kwetu.

Mji ulikuwa kimya. Vichochoro vilikuwa vimefagiliwa, lakini sikusikia takbira, sikunusa udi wala vitunguu vya kukaangwa. Rafiki yangu alinifungulia mlango akiwa na uso wa usingizi, akatabasamu. "Mwezi haukuandama jana," akaniambia. "Leo tunatimiza thelathini."

Kuandama ni kufuata. Mwezi mpya husemwa kuwa umeandama unapoonekana upande wa magharibi mara tu baada ya jua kutua. Jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, watu hutoka ufuoni na juu ya mapaa kuutazama. Ukionekana na ushahidi ukakubaliwa, Ramadhani imekwisha na kesho yake ni Idi. Usipoonekana, mfungo hutimizwa siku 30, na baada ya hapo hakuna tena haja ya kutazama kwa sababu mwezi hauzidi thelathini. Nchini Kenya, Kadhi Mkuu ndiye hutangaza kuandama kwa mwezi, na Waislamu wengi hungoja kauli yake. Hata hivyo, wapo wanaoona kwamba mwezi ukionekana popote duniani umeonekana kwa wote, na hao hufungua pamoja na Makka. Wengine hushikilia kwamba kila eneo lina mwandamo wake. Hitilafu hii ni ya kale na ina wanazuoni pande zote mbili. Siku ile niliyofika, nyumba mbili za jirani zilikuwa tayari katika Idi. Walisali, wakala ndani, wakafunga madirisha ili harufu ya chakula isiwasumbue waliofunga. Niliambiwa kwamba kesho yake watakuja kula tena na majirani zao, na kweli walikuja.

Nilikuwa nimefika, kwa hivyo, siku moja kabla ya sherehe, katika nyumba ya watu waliofunga, nikiwa na njaa ya safari. Mama wa rafiki yangu alitoka jikoni akanikaribisha kwa Kimvita: "Ndoo, mwanangu, ndoo uketi." Akataka kunipikia chai. Nikakataa. Akanieleza kwamba nisione haya, kwa kuwa hata Mwislamu akiwa msafiri ana ruhusa ya kula na kuilipa siku hiyo baadaye, sembuse mimi nisiyelazimika. Nikashikilia kwamba nitangoja nao hadi magharibi. Alinitazama kitambo, kisha akacheka.

"Basi ngoja," akasema. "Lakini hiyo si saumu, mwanangu. Saumu ina nia tangu usiku. Hiyo yako ni njaa ya adabu."

Nimeisoma fasihi ya lugha hii kwa miaka kadhaa, lakini sijapata bado ufafanuzi uliopambanua kwa ufupi namna ile tofauti ya ibada na heshima. Saumu haiwi saumu kwa tumbo kuwa tupu. Huhitaji nia, huanza alfajiri na kukoma jua likitua, na humtaka mfungaji auzuie pia ulimi wake. Mgeni anaweza kuiheshimu bila kujidai ameitekeleza.

Pishi ya Mchele

Lau ningalifika siku ya Idi yenyewe, ningaliikuta sherehe iliyokwisha kupangwa, na jambo lililo muhimu kuliko yote lingalinipita. Alasiri ya siku ile ya thelathini, rafiki yangu aliniita ukumbini. Palikuwa na gunia la mchele, kibaba cha kupimia na mifuko midogo. Walikuwa wakipima zaka ya fitri.

Zaka hii ni wajibu kwa kila Mwislamu aliye na ziada ya chakula cha siku ile. Mwenye nyumba hujitolea mwenyewe na humtolea kila aliye chini ya ulezi wake, mkubwa kwa mdogo, hata mtoto mchanga. Kiasi chake ni saa moja kwa kila nafsi, kipimo ambacho Waswahili walikilinganisha na pishi moja, yaani vibaba vinne, takriban kilo mbili na nusu hadi tatu. Hutolewa katika chakula kinachotegemewa na watu wa mahali, na Pwani chakula hicho ni mchele, au mtele kwa matamshi ya mama yule. Hupewa maskini na wahitaji. Jambo la kuzingatia zaidi ni wakati wake: yafaa imfikie mpokeaji kabla ya sala ya Idi. Ikichelewa hadi baada ya sala, huhesabiwa kuwa sadaka kama sadaka nyingine.

Sharti hili la wakati lina hekima kubwa. Sherehe hairuhusiwi kuanza huku jirani hana cha kupika. Mtu hali kwanza, kisha akamkumbuka maskini kwa makombo. Hupima kwanza mchele wa maskini, kisha akaenda kusali na kula. Na kwa vile kinachotolewa ni chakula kilekile kinacholiwa nyumbani, sinia ya tajiri na ya fukara hukaribiana siku hiyo.

Walikuwa nafsi saba, akiwemo kitinda mimba wa dada yake aliyezaliwa katika Ramadhani hiyohiyo. Mifuko saba ikajazwa. Kwa utani nikauliza kama nami nahesabiwa. Rafiki yangu akajibu kwa upole kwamba zaka ni ibada ya Waislamu. "Katika pishi huhesabiwi," akasema. "Katika sahani unahesabiwa."

Jibu lile halikunitenga. Lilinionyesha mahali pangu. Nilisaidia kubeba mifuko. Tulipita vichochoro vitatu, na kila mlangoni rafiki yangu alibisha, akatoa salamu, akaukabidhi mfuko na kuondoka upesi bila mazungumzo marefu. Nilipomwuliza mbona haketi, alisema kwamba anayepewa haki yake hapaswi kulazimishwa kushukuru kwa muda mrefu.

Jua lilipotua tulifuturu kwa tende na maji. Punde si punde takbira zikaanza misikitini, sauti ikipokezana na sauti, na watoto wakatoka vichochoroni kwa vifijo. Usiku ule wanawake hawakulala mapema. Nyama ya biriani ilikuwa ikilowekwa viungo, vileja vikiokwa, na mikono ikipakwa hina.

Asubuhi ya Idi

Kufunga siku ya Idi ni haramu, na kwa hiyo jambo la kwanza asubuhi ni kula. Ni sunna kula tende kabla ya kwenda kusali, nazo ziwe witiri: moja, tatu au zaidi. Watu huoga, hujitia manukato na kuvaa nguo zilizo nzuri kuliko zote walizo nazo. Wanaume walivaa kanzu nyeupe na kofia za kushonwa kwa mkono. Wavulana wadogo walivaa kanzu zilizowazidi kimo kwa sababu zilishonwa ziwatoshe na mwaka ujao.

Sala ya Idi huwa na rakaa mbili na huswaliwa baada ya jua kupanda. Haina adhana wala ikama. Katika rakaa ya kwanza huongezwa takbira saba, na katika ya pili takbira tano, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi inayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani yetu. Hotuba hufuata baada ya sala, kinyume na siku ya Ijumaa ambapo hotuba hutangulia. Nilisimama kando ya uwanja, karibu na ukuta, nikiwa mtazamaji. Hakuna aliyenifukuza wala aliyenivuta safuni. Sala ilipokwisha, wazee watatu nisiowajua walinijia wakanipa mkono na kunitakia Idi Mubaraka.

Ni sunna pia kurudi kwa njia isiyokuwa ile mtu aliyoiendea. Sisi tulirudi kwa njia ya makaburini. Babaye rafiki yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ile ilikuwa Idi ya kwanza bila yeye. Nilibaki nje ya lango. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, lakini alijifuta na kusema twende tusimkawize mama. Hapo nikafahamu kwamba Idi haiwasubiri watu wamalize majonzi yao. Huwachukua pamoja nayo.

Sinia, Baraza na Mkono wa Idi

Kifunguakinywa kilikuwa tambi za sukari, mkate wa mayai, mahamri na mbaazi za nazi. Adhuhuri ikaja biriani katika sinia kubwa, ikizungukwa na watu watano watano juu ya mkeka. Adabu ya sinia ni kula kwa mkono wa kulia, kila mtu upande wake, bila kuvuka mpaka kwenda kutafuta mnofu. Niligundua hata hivyo kwamba minofu ilikuwa ikivuka yenyewe. Kila nilipoinamisha kichwa na kukiinua, kipande kizuri kilikuwa kimesukumwa mbele yangu na mkono nisioujua.

Mchana ni wakati wa kuzuru. Wakubwa huzuriwa na wadogo, wagonjwa hutazamwa, na waliogombana hutarajiwa kupatana. Kila nyumba huwa na kitu mezani: kaimati, halwa, visheti, na kahawa chungu katika vikombe vidogo. Watoto hupita kwa wazee kupokea mkono wa Idi, yaani vijisenti vya sikukuu. Jioni hukimbilia uwanja wa Makadara, ambako kuna bembea, vitu vya kuchezea, viazi vya karai, achari na mabuyu. Huko senti hizo hukaa dakika chache tu. Sikukuu hii kisheria ni ya mapumziko kwa Wakenya wote, na huadhimishwa pia Garissa, Wajir, Mumias na Kibera, kila mahali kwa vyakula na mavazi yake. Niliyoyaeleza hapa ni ya Mombasa.

Adabu za Mgeni

Kutokana na siku hizo tatu nilizokaa kule, nawapendekezea wenzangu watakaoalikwa mambo machache. Mosi, usiitegemee kalenda ya ukutani. Muulize mwenyeji kama mwezi umeandama. Pili, vua viatu mlangoni, na ungoje uonyeshwe pa kuketi, maana wanaume na wanawake huenda wakaketi mbalimbali. Tatu, zawadi ya chakula iwe ya halali na isiyotia shaka. Majani yangu ya chai yalipokewa kwa furaha. Nne, usijitie katika ibada kwa kuigiza, wala usiitazame kama mchezo. Uliza unachotaka kujua, nawe utajibiwa. Tano, na hili ndilo kubwa, ukiweza fika siku moja mapema. Anayefika wakati wa biriani huona ukarimu, lakini hamwoni aliyepima mchele kabla yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Idi ya Fitri haianzi kwa sahani. Huanza kwa njaa iliyochaguliwa, ikapita katika pishi ya mchele ya jirani, ndipo ikafika kwenye sinia. Neno mfunguo limebeba safari hiyo yote, na halieleweki kwa kulitafutia kisawe katika kalenda nyingine. Hali ni hiyo kwa maneno mengi tunayoyakariri kwa ajili ya mitihani: futari, daku, kuvunja jungu, mwezi mwandamo. Hayo si mapambo ya insha. Ni kumbukumbu za watu walio hai, tena walio karibu, ambao mlango wao haujafungwa.

Wengi wetu tuliotoka bara ni wageni katika nyumba ya Kiswahili. Si aibu kuwa mgeni, na wenyeji hawajatuambia tuondoke. Aibu ni mgeni kuketi barazani akamsahihisha mwenye nyumba. Msichana yule niliyemnyamazisha amekwisha kumaliza shule, nami sijui yuko wapi. Kama jarida hili litamfikia, namwomba radhi, na ninaandika hapa jibu nililopaswa kumpa siku ile: Ndiyo, ulisema kweli. Mfunguo Mosi ni mwezi wa Idi. Simama uwaeleze wenzako.